Stata inasema "tak" halafu kimya? Soma hii kabla hujanunua mota

Wakuu wenye pikipiki za siku nyingi, hii naiandika kwa uchungu wa hela yangu mwenyewe. Pikipiki yangu ilianza kuringa asubuhi, nabonyeza stata inasema tak, basi. Fundi akasikiliza mara moja tu akasema mota ya stata (ile inayozungusha injini ukibonyeza kitufe) imekufa hiyo bosi, nikanunua mota, ikafungwa, kesho yake asubuhi tak ileile! Kumbe shida ilikuwa waya wa ethi, ule mweusi unaotoka hasi ya betri kwenda kufungwa kwenye bolti ya injini. Nilipofungua ile bolti nikakuta kichwa cha waya kimeota ukijani na chini yake kutu, nikakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi kidogo juu, nikakaza. Ikapiga kama mpya.

Kwa hiyo anza na masikio. Weka nyutro, washa swichi, bonyeza stata huku unaangalia taa ya nyutro kwenye dashi. Usiangalie taa kubwa, maana pikipiki nyingi za zamani taa kubwa inakula umeme wa koili (ile inayozalisha umeme ndani ya injini) injini ikiwa inawaka, haitakwambia chochote kuhusu betri.

Ikiwa inapiga tak-tak-tak-tak haraka haraka na taa inafifia, hapo betri haina nguvu au vichwa vyake vimelegea. Pima na mita: betri nzima ya volti 12 ikiwa imepumzika inasoma kama 12.6 hivi, ukibonyeza stata ikadondoka chini ya 9.5 basi ipeleke chaji kwanza, ikishajaa bado inadondoka hivyo ujue imechoka. Betri ya maji ongeza maji ya betri yale safi tu, usiongeze asidi, watu wanaua betri kwa hilo. Halafu injini ikiwaka vuta mafuta kidogo upime tena, isome kati ya 13.5 na 14.5, isipofika hapo pikipiki yenyewe haichaji betri na betri mpya utaiua vilevile.

Ikipiga tak moja tu na taa imebaki vilevile haijatikisika, mimi naishuku rilei ya stata, yaani kile kiswichi kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota ukibonyeza kitufe. Fuata waya mnene mwekundu kutoka betri utaikuta, ina bolti mbili. Ukiunganisha hizo bolti mbili kwa bisibisi lenye mpini wa plastiki na mota ikazunguka, basi rilei imeungua ndani, na bei yake ni ndogo kuliko mota. Ila hakikisha iko nyutro kweli, isije ikakurukia, na petroli isiwe inavuja karibu maana cheche zitaruka, usishtuke.

Kimya kabisa, hata tak hakuna? Hapo usiguse mota. Angalia fyuzi, kitufe chenyewe cha stata (kikiingia maji na vumbi kinakufa, fungua usafishe), na swichi ya klachi, maana baadhi ya pikipiki hazipigi mpaka ushike klachi. Kwangu ile swichi huwa inagoma, naibonyeza bonyeza mara mbili tatu inaamka.

Sasa betri nzima, ethi safi, rilei nzima, na bado mota inazunguka kivivu au mpaka uigonge na mpini wa nyundo ndo izunguke: hapo ndio mota. Na hata hapo usitupe. Fungua, mara nyingi ni kaboni (vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zimeisha au zimekwama kwa unga mweusi, badilisha kaboni, ile shaba zinapokwaruza isafishe na msasa laini. Ukikuta ndani kumelowa oili, badilisha sili pia (ule mpira unaozuia oili), la sivyo kaboni mpya zitalowa tena baada ya muda mfupi. Kabla ya kufungua chomoa waya wa hasi wa betri kwanza, hii watu wanaipuuza sana.

Mwisho kuna ile mota inalia wiiii inazunguka vizuri lakini injini haisogei. Hiyo sio umeme tena, ni wanwei (klachi ya stata inayounganisha mota na injini) imekula, inabidi kufungua kava la pembeni. Hapo piga kiki mpaka upate hela ya fundi.