Halua iliyobaki baada ya Idi: namna ya kuishi nayo ndani bila kuimaliza

Mama yangu ana sukari, na kila Idi nyumba yetu hapa Unguja hujaa sahani za watu. Mwaka huu tulifuata utaratibu huu, na umetusaidia.

Hatua ya 1. Idi pili, toa vyote mezani. Kashata za nazi ziondoke kwanza, maana hazikai. Usizirudishe kwenye sahani za majirani, kwani nao wanazo. Wapelekee watoto wa chuo cha Kurani.

Hatua ya 2. Visheti vigawe vilevile.

Hatua ya 3. Halua. Hapa ndipo tulipokwama mwaka jana. Halua ni sukari, samli na wanga vilivyopikwa mpaka maji yakakauka, kwa hiyo hukaa wiki nyingi bila kuharibika, na hapana anayeona haraka ya kuitoa. Niliitia kwenye friji nikidhani nimeificha. Ikakakamaa, na mama akawa kila akipita anachonga ukingoni kwa kisu. Kipande chembamba namna ile mtu hakihesabu. Siku ya nne nilifungua bakuli, nusu imekwenda.

Sasa naikata yote kwa mara moja, vipande vya ukubwa wa kokwa ya tende. Kila kimoja nakifunga peke yake kwa karatasi ya kuokea, kisha natia kwenye kopo la bati lenye kifuniko kigumu. Chupa ya kioo sitaki kuiona: zafarani na lozi zinaonekana kutoka mlangoni. Juu ya kifuniko naandika idadi. Kisu kinaoshwa na kurudi jikoni. Tunabakisha vipande kumi vya wageni, vingine vinaondoka siku hiyohiyo.

Mgeni akija, toa vipande vyake tu, usilete kopo. Adabu yetu mwenyeji hula na mgeni, kwa hiyo mama hushika dele, birika la kahawa, amimine, na hapana anayemuuliza mbona hali. Kahawa chungu yenyewe huita halua. Sisi tumeihamisha, tunainywa baada ya chakula, si alasiri tumbo likiwa tupu. Na usidhani tende ni dawa ya halua, nazo zina sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, kwa mtu mzima kama gramu 25, vijiko 6 vya chai. Chai ya asubuhi peke yake inaweza kumaliza nusu.

Hatua ya 4. Kwa anayefunga siku sita za Mfunguo Mosi, yaani Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani: futuru kwa maji na tende moja, swali magharibi, kula chakula, ndipo ufungue kopo. Mwenye dawa za sukari amuulize daktari wake kabla ya kunuia.