Katriji ya zamani, angalia mpira kwanza

Jamani mnaookota katriji za kizamani (kile kichwa cha mashine ya santuri kinachoshika sindano), msiangalie sindano peke yake. Kile kijiti kinachobeba almasi ya ncha ya sindano kimeshikwa na kimpira kidogo ndani, na miaka 40 ndani ya joto letu hili hukakamaa kama gamba la kasa, sasa we unaona almasi inang'aa unafurahi kumbe santuri inachunwa. Iteremshe taratibu juu ya santuri isiyozunguka, uiangalie kwa ubavu na lenzi, kijiti kibonyee kidogo. Kikibaki vilevile bila kubonyea, mpira ushakufa.

Na ukitaka kulinganisha mbili usikimbilie kusema hii inapiga besi, weka kila moja uzito wake wa kukandamiza santuri kwa mizani (mfano katriji ya Shure M44-7 ni gramu 1.5 mpaka 3), santuri ileile, ukubwa wa sauti usawazishe, maana yenye sauti ya juu kidogo tu sikio huipenda. Mie nlibishana wiki nzima na kaka yangu hapa Mkunazini kumbe yake ilikuwa na sauti kubwa tu lol

Vile vijipini vinne vya nyuma ya katriji, vya kuchomekea nyaya, vikiota kijani, hewa ya bahari hiyo, pamba na spiriti basi.

Zile santuri za taarab za mizunguko 78 kwa dakika zataka sindano yao, nene zaidi.