Filta ya hita ya nyumba: usikimbilie namba kubwa

Mnaoishi Marekani au Kanada kwenye nyumba zenye hita ya kupuliza hewa, someni kwanza kipimo kwenye fremu ya filta ya zamani, mfano 16x25x1, yaani inchi. Filta yenyewe huwa pungufu kidogo ya namba hizo, msishangae. Kwa unene wa inchi 1, MERV 8 (MERV ni kipimo cha uwezo wa filta kukamata vumbi; namba ikipanda, inakamata chembe ndogo zaidi) inatosha nyumba nyingi. Mwenye paka au mbwa achukue 11. MERV 13 hukamata moshi vizuri, ila ikiwa nyembamba inaweza kubana hewa: hita inachemka kupita kiasi, swichi ya usalama inazima moto, nyumba inabaki baridi na fundi analaumiwa bure. Ya inchi 4 ni afadhali, kama nafasi yake ipo. Mshale ulio kwenye fremu ya filta uelekee kwenye feni ya hita. Ya inchi 1 ikaguliwe kila mwezi, isipite miezi 3 bila kubadilishwa.