SOMO: Kolibri dirishani kwako, kuanzia sukari hadi kuwatazama

Kila Aprili inboksi yangu hujaa maswali yaleyale kuhusu kolibri, wale ndege wadogo wa Amerika wanaoishi kwa maji ya maua: niweke sukari gani, mbona hawaji, nitie rangi? Nimeyaweka yote hapa. Niko Ohio, kwa hiyo nasema zaidi habari za kolibri wa koo jekundu, ambaye ndiye pekee anayetaga kwa kawaida katika nusu ya mashariki ya Marekani.

1. Nunua chupa ya kulishia yenye wekundu, inayofunguka kila kipande. Ya bei rahisi inatosha.

2. Sukari nyeupe ya kawaida kipimo kimoja, maji vipimo vinne. Koroga iyeyuke, acha ipoe. Usitie rangi. Asali hapana, sukari ya kahawia hapana, sukari ya wenye kisukari hapana.

3. Itundike kabla Aprili haijaisha. Iwe mbali kabisa na dirisha au chini ya mita moja kutoka kwenye kioo. Ikiwa karibu hivyo, ndege akikurupuka hawahi kushika kasi ya kujiumiza.

4. OSHA. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Mtu anatundika chupa Mei, anaongezea maji ya sukari juu ya yale ya zamani, halafu Julai anashangaa ndege wamehama. Kwenye joto yale maji huchacha upesi na ukungu mweusi hujificha ndani ya vitundu vya kunywea, mahali usipopaona mpaka ufungue. Ukungu huo unaweza kumuua ndege. Kukiwa na joto kali, mwaga na uoshe kila baada ya siku mbili. Kukiwa na baridi, angalau mara moja kwa wiki. Tumia maji ya moto na brashi nyembamba, ukipenda siki kidogo, kisha suuza sana. Maji yakionekana na mawingu, usisubiri siku ifike. Kama ratiba hii huiwezi, panda maua mekundu yenye koo refu, ndege watakushukuru vilevile.

5. Kaa utazame. Hii ndiyo sababu ya yote hayo. Koo la dume utaliona jeusi, halafu anageuza kichwa kidogo tu na linawaka jekundu. Wekundu ule hautokani na rangi iliyomo kwenye unyoya. Ni mwanga unaovunjwa na tabaka nyembamba mno zilizomo ndani yake, ndiyo maana pembe ikibadilika unazimika. Akitoa mdomo chupani, tazama ncha: ulimi hubaki nje kidogo, mweupe na mwembamba kama uzi. Umepasuka mbele, na unaingia na kutoka zaidi ya mara kumi kwa sekunde. Mabawa yanapiga kama mara 50 kwa sekunde, na mwenyewe ana gramu tatu hivi. Mimi sijachoka kuwatazama, na sidhani nitachoka.

MASWALI

Baba_Zawadi: Asali si ndiyo ya asili zaidi? Niweke?
Jibu: Hatua ya 2.
Baba_Zawadi: Nimeuliza tu, ndugu.
Jibu: Nami nimeandika tayari, ndugu yangu. Asali ikichanganywa na maji huotesha kuvu haraka. Usiweke.

Mkongo_Dayton: Jirani anasema nisipotoa chupa Septemba, hawatasafiri.
Jibu: Si kweli. Kinachowaondoa ni siku kufupika. Iache hadi wiki mbili baada ya kumwona wa mwisho, maana wanaopita kutoka kaskazini wanahitaji mafuta mwilini. Wengi huvuka Ghuba ya Meksiko bila kutua, zaidi ya kilomita 800.

dada_wa_Seattle: Huku kwangu yupo hata Desemba! Ni mgonjwa?
Jibu: Mzima kabisa, dada. Huyo bila shaka ni kolibri wa Anna, anakaa pwani ya magharibi mwaka mzima. Usiku wa baridi anaweza kushusha joto la mwili na mapigo ya moyo, akazimia hivi hadi asubuhi. Maji yakiganda, ingiza chupa ndani usiku na uitoe kabla hakujapambazuka.

binti_Moshi: Shikamoo mwalimu. Nyumbani kuna wadogo wanaong'aa, wanafyonza maua. Ni hawa?
Jibu: Marahaba. Swali zuri sana. Hao ni chozi, ukoo mwingine kabisa; kolibri wako Amerika tu. Wamefanana kwa sababu wote wanaishi kwa maji ya maua. Chozi kwa kawaida hutua kwanza ndipo anywe, kolibri hunywa akiwa anaelea. Ukienda juu Kilimanjaro, tafuta chozi kwenye lobelia kubwa, utafurahi.

Mama_K: Nimefagia buibui wote barazani wasiwasumbue.
Jibu: Waache, mama. Jike hujengea kiota kwa utando wao, ndio unaokifanya kivutike makinda wakikua. Na wadudu wadogo ndio protini yao; sukari peke yake haitoshi.

Mama_K: Na sisimizi?
Jibu: Tundika kikombe cha maji kwenye waya, juu ya chupa. Hawavuki. Usipake grisi wala mafuta, yakigusa manyoya hayatoki.