Rikwesti ikichukua muda mrefu usikimbilie kuongeza taimauti

Kama una kitufe cha kutengeneza ripoti na mteja akibofya anabaki anaangalia kiduara kinazunguka weee mpaka anapigwa 504 (kosa la seva kuchelewa kujibu), najua wazo la kwanza ni kwenda kwenye nginx (seva ya mbele inayopokea rikwesti, yaani maombi ya brauza, na kuyapeleka kwenye programu yako) kupandisha proxy_read_timeout, yaani taimauti, muda inaosubiri jibu. Usifanye hivyo. Kwa kawaida nginx isipopata kitu ndani ya sekunde 60 inakata, Gunicorn (inayoendesha programu za Python) nayo inaua woka (prosesi inayohudumia rikwesti) aliyekaa kimya sekunde 30, na hata ukizipandisha zote bado intaneti ya simu ya mteja inaweza kukatika katikati, na muda wote huo woka mzima kashikiliwa na ripoti moja wakati wateja wengine wanataka kulogini tu.

Itoe kazi nzito nje ya rikwesti. Mteja akibofya, seva iandike rekodi kwenye databesi yenye ID na stetasi "inasubiri", iitupe kazi kwenye foleni (Celery na Redis kama uko Python, Laravel ya PHP inakuja na foleni zake) halafu ijibu hapohapo 202 (maana yake nimepokea, bado sijamaliza) pamoja na ile ID. Woka wa pembeni ndo anaishughulikia, brauza inauliza kila baada ya sekunde 3 imefikia wapi, ikiwa tayari inaonyesha linki ya kupakua.

Aliyewahi kuunganisha STK Push ya M-Pesa (ile inayomtokea mteja kwenye simu aweke PIN) kwa Daraja, API ya Safaricom, keshauona mtindo huu: ukituma ombi huambiwi hela imeingia, unapewa CheckoutRequestID, yaani ID ya ombi lako, matokeo yanakuja baadaye kwenye URL uliyowapa, maana mwenye simu bado hata PIN hajaweka.

Sasa panapoumiza watu ni kazi kufanyika mara mbili. Mtu akiona kimya anabofya tena, kwa hiyo kabla ya kutengeneza kazi mpya angalia kama ana nyingine ya ripoti hiyohiyo inayoendelea, ukiikuta mrudishie ID ileile. Na kwenye Laravel, retry_after (muda wa kusubiri kabla kazi haijapewa woka mwingine) lazima izidi timeout ya woka (muda wa juu anaoruhusiwa kwa kazi moja). Zinakuja zikiwa sekunde 90 na 60, watu wanapandisha timeout mpaka 300 wanaisahau ile nyingine, matokeo yake sekunde ya 90 ikipita woka wa pili anaidaka kazi wakati wa kwanza bado hajamaliza, na kama ni kazi ya kutuma SMS basi wateja wanapata meseji mbilimbili na wewe umelipia zote.

Halafu weka stetasi ya "imefeli" na sababu anayoweza kuielewa mteja, bila hiyo kazi ikianguka brauza itakuwa inauliza tu bila mwisho.