Namna ya Kuzimua Asidi Kali katika Maabara ya Shule

Kabla ya kufungua chupa ya asidi ya salfuriki, vaa miwani ya usalama, glavu na koti la maabara lililofungwa vifungo vyote, kisha hakikisha viatu vyako vimefunika miguu, kwa maana ndala hazimkingi mtu na tone linaloanguka.

Pima maji kwanza na uyamimine kwenye bika, yaani gilasi ya maabara ya kuchanganyia. Ongeza asidi kidogo kidogo, ukiitiririsha kwenye kijiti cha kioo huku ukikoroga, na usubiri kila bika inapopata moto. Usigeuze utaratibu huu hata siku moja: maji yanapomiminwa juu ya asidi, ambayo ni nzito kuliko maji, hubaki juu yake, na joto kali linalozalishwa huyachemsha papo hapo, yakaruka pamoja na asidi hadi usoni.

Asidi ikikurukia, mwite mwalimu, vua nguo iliyolowa, na uoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukatisha. Habari ya kupaka magadi kwenye ngozi ili kuikata asidi iachwe. Pale ambapo bomba hukauka mara kwa mara, ndoo ya koki iliyojaa maji iwekwe karibu na meza kabla ya chupa kufunguliwa.