Namna ya Kuunganisha Seva kwenye Swichi Mbili za Nexus kwa vPC

Kufunga pamoja kebo mbili zinazotoka kwenye seva na kuingia kwenye swichi moja ni kazi ya dakika chache, kwa kuwa itifaki ya LACP inayofanya kazi hiyo imo katika viwango vya IEEE tangu mwaka 2000. Shida ni kwamba swichi hiyo ikizima, kebo zote mbili huzima nayo. Katika swichi za Cisco Nexus dawa yake ni vPC (virtual Port Channel), ambapo swichi mbili hujitambulisha kwa seva kana kwamba ni moja, ingawa kila moja inabaki na akili yake na faili yake ya usanidi.

Baina ya swichi hizo zinahitajika njia mbili zisizochangia kebo. Ya kwanza ni kiungo cha jozi, ambacho hupitisha data pale inapobidi na kupashana habari za anwani za MAC, yaani namba za utambulisho za vifaa vya mtandao. Kifunge kwa kebo mbili au zaidi. Ya pili ni njia ya kujuliana hali, ambayo hupitisha pakiti ndogo ya UDP, poti 3200, kila sekunde moja. Kwa chaguo-msingi, sekunde 5 zikipita bila salamu, swichi huhesabu kwamba njia hiyo imekatika.

Wengi huidharau njia hii ya pili kwa sababu haibebi data ya mtumiaji yeyote, na nimewahi kukuta imepitishwa ndani ya kiungo cha jozi chenyewe ili kuokoa kebo moja. Kiungo kikikatika, salamu nazo hukatika, na swichi msaidizi (katika jozi moja huwa kuu, nyingine msaidizi) huamini kwamba mwenzake amekufa, kwa hiyo nayo hujifanya kuu. Hapo unabaki na swichi mbili zinazofanya kazi kila moja kivyake bila kusikilizana, na kulitafuta kosa la namna hiyo huchosha kuliko mtandao uliozima kabisa. Tumia poti ya mgmt0, yaani poti ya usimamizi ya swichi, kupitia mtandao wa usimamizi, au kebo yake ya pekee.

Kwenye swichi ya kwanza andika hivi:

feature lacp
feature vpc
vpc domain 10
  role priority 1000
  peer-keepalive destination 10.0.0.2 source 10.0.0.1 vrf management
  peer-gateway
  auto-recovery
interface port-channel1
  switchport mode trunk
  vpc peer-link

Kwenye swichi ya pili geuza anwani hizo mbili, na uache kipaumbele (role priority) kwenye 32667 ya chaguo-msingi, kwa kuwa mwenye namba ndogo ndiye anayekuwa kuu. Namba ya domeni (ile ya amri ya vpc domain) lazima ifanane pande zote mbili, maana ndiyo inayozaa anwani ya MAC ambayo seva itaiona: domeni 10 hutoa 00:23:04:ee:be:0a. Seva ikipokea anwani hiyo hiyo kwenye kebo zote mbili, hukubali kuzifunga pamoja bila kujua kwamba upande wa pili kuna mashine mbili. Kwa sababu hiyo, ukiunganisha jozi moja ya swichi na jozi nyingine, kila jozi ipewe domeni yake.

Amri ya auto-recovery isiachwe. Umeme ukikatika kwa swichi zote mbili kisha ikarudi moja tu, bila amri hiyo swichi iliyorudi inaweza kumsubiri mwenzake huku poti za vPC zimefungwa. Ikiwepo, husubiri sekunde 240 kisha huzifungua.

Sasa poti za seva, pande zote mbili:

interface ethernet1/20
  switchport mode trunk
  channel-group 20 mode active
interface port-channel20
  vpc 20

Tumia active badala ya on, kwa sababu bila LACP hakuna kitakachogundua kebo iliyochomekwa mahali pasipo pake. Hakikisha pia kwamba MTU (ukubwa wa juu wa pakiti), kasi ya poti na VLAN asilia (mtandao pepe wa data isiyo na lebo) zinalingana. Zikitofautiana, poti za upande wa msaidizi husimamishwa. Sababu utaiona kwa show vpc consistency-parameters, na hali nzima ya jozi kwa show vpc brief.

Kisha jaribu kwa mkono, kabla watumiaji hawajaingia. Acha ping ikiendelea kuelekea kwenye seva, chomoa kebo moja ya seva, irudishe, halafu kata kiungo cha jozi chote. Ikiwa salamu bado zinapita, swichi msaidizi inatakiwa kufunga poti zake za vPC na data yote ihamie kwenye swichi kuu. Kifaa chenye kebo moja tu kwenye swichi msaidizi kitabaki kisiwani wakati huo, kwa hiyo kiunganishe kwenye swichi kuu, ukikumbuka kwamba swichi kuu ikizimwa na kuwashwa upya haidai kiti chake, bali hurudi kama msaidizi.

Mwisho andika copy running-config startup-config kwenye swichi zote mbili, kwani kuhifadhi moja hakuhifadhi ya pili.